Kinyago Nilichokichonga Mwenyewe

Kwa miaka sita, usiku wa Halloween ulipofika tulikuwa tunazima taa. Tulianza na ya barazani, tukaja ya sebuleni, mwisho televisheni. Mimi, mke wangu na binti yetu tulijifungia chumba cha nyuma, tukala wali maharage kwa mwanga wa simu, huku tukiwasikia watoto wa watu wakipita barabarani wanacheka. Huku Marekani taa ya barazani inasema kwa niaba ya mwenye nyumba. Ikiwaka, mtoto anajua hapa atabisha hodi na kupewa peremende. Ikizimwa, anapita bila kugeuza shingo. Ya kwetu ilisema hapa hakai mtu.

Leo nyumba hiyohiyo ina makaburi kumi na manne mbele ya mlango, na fundi wake ni mimi. Huo ndio ushuhuda wangu. Hauna mchungaji wala maji ya baraka. Una povu gumu, kisu na ndoo ya rangi.

Ili unielewe, sina budi kuanzia Mwenge. Baba yangu alizaliwa Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde, akaja Dar es Salaam akiwa kijana na tezo moja na patasi mbili. Aliishia kijiji cha wachongaji pale Mwenge, na mimi nikakulia kwenye vumbi la mpingo. Mpingo ni mti mzito, ukiutupa majini unazama. Moyo wake ni mweusi, lakini nje una tabaka la manjano, na fundi mjuzi huliacha kidogo mahali fulani ili mnunuzi ajue hajauziwa mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Baba alichonga mashetani. Hakuwa mganga. Shetani ni jina la mtindo wa uchongaji, na anayetajwa kuuanzisha ni Mmakonde mwenzake, Samaki Likankoa, miaka ya 1950: kiumbe mwenye jicho moja, mdomo uliopinda hadi sikioni, mguu ulioota mgongoni. Watalii waliyapenda sana. Wenzangu shuleni waliniita mtoto wa fundi mashetani, na sikupenda.

Nikiwa kidato cha pili nilimwambia baba kwamba tezo lake sitalishika. Hakunigombeza. Alipuliza vumbi kwenye kinyago alichokuwa anakipiga msasa, akasema, "Haya, mwanangu. Soma." Nikasoma. Mwaka 2011 nikashinda bahati nasibu ya viza, nikatua Columbus, jimbo la Ohio, nikapata kazi ya kupanga mizigo ghalani, zamu ya usiku. Baba alifariki mwaka 2015. Sikwenda kuzika. Nauli haikuwepo, na ruhusa kazini haikuwepo pia. Nilituma rambirambi kwa simu kama mtu baki.

Sasa usiku wenyewe. Katika mji wetu una jina lake, Usiku wa Waombaji, na watoto hutoka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Wiki tatu kabla ya hapo mtaa mzima unabadilika. Mifupa ya plastiki inakaa kwenye viti vya barazani, utando wa buibui unafunika maua, na nyasi zinaota makaburi. Wapo wanaogeuza ua mzima kuwa uwanja wa mazimwi, na wenye moyo hasa hawanunui kitu dukani, wanatengeneza wenyewe. Mimi nilipita katikati ya hayo yote nikiangalia miguu yangu. Kwenye jumuiya yetu ya wanaosali kwa Kiswahili tuliambiana kwamba hizo ni ibada za giza. Sikuuliza zaidi. Baadaye nilikuja kujua kwamba jina la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, ile sikukuu ya tarehe 1 Novemba ambayo nimeisali tangu utotoni, na kesho yake tunawaombea Marehemu Wote. Waayalandi na Waskoti walikuwa na desturi zao za kale za msimu huo, wakichonga nyuso kwenye tanipu na kuweka mwanga ndani. Waayalandi walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga.

Aliyenitoa gizani ni binti yangu. Mwaka 2016, akiwa na miaka saba, aliniuliza tukiwa chumba kile cha nyuma, "Baba, tunamkimbia nani?" Jibu natafuta hadi sasa hivi.

Jumamosi iliyofuata nilivuka barabara. Ng'ambo anakaa mzee mmoja, fundi paa mstaafu, ambaye uwanja wake ulikuwa maarufu mtaani. Alikuwa anang'oa makaburi yake na kuyaingiza gereji. Nilipomsalimu ndipo nilipotahayari: miaka sita nimekaa mbele ya mzee wa watu bila hata ya shikamoo. Kwetu mtu wa namna hiyo wangeshamsema. Yeye alinikaribisha kama niliyemkopa nyundo jana. Nikaligusa kaburi moja. Kwa macho lilikuwa jiwe la miaka mia mbili, lenye ukungu na nyufa. Nikalinyanyua kwa vidole viwili. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akanipa nusu bamba la povu la kuanzia.

Hapa nieleze povu lenyewe, maana kuna mawili na watu wanayachanganya. Lipo lile jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Hilo ni punje zilizobanwa pamoja. Ukilichonga linamwagika kama bisi na nyumba nzima inajaa theluji. La pili ndilo la wachongaji. Hutengenezwa kwa kusukumwa likiwa laini kupitia kwenye mdomo wa mashine, kwa hiyo ndani ni moja, halina punje, na kisu kinapita bila kulitafuna. Maduka ya vifaa vya ujenzi huliuza kwa ajili ya kuzuia baridi ukutani. Huwa la waridi, buluu au kijani, bamba la futi 4 kwa 8, na lenye unene wa inchi 2 ndilo linalotoa kaburi lenye heshima. Mimi niliyezoea kuona mpingo ukimtoa baba jasho nililibonyeza kwa dole gumba, likabonyea. Nikasema moyoni, hii si kazi, huu ni mchezo wa watoto.

Mchezo ulinifunza adabu. Mwaka ule wa kwanza nilikata mawe manne, nikayachonga vizuri, nikachukua rangi ya kopo la kupuliza. Nilipopuliza, povu likaanza kulika mbele ya macho yangu. Maandishi yakafunguka yakawa mashimo, na ukingo ukasinyaa kama plastiki iliyokaribia jiko. Kumbe viyeyusho vilivyomo kwenye rangi ya kupuliza vinalila povu hilo. Nikaokoa mawili kwa rangi ya maji, nikayasimamisha kwa vijiti vya mbao. Usiku kukaja upepo wa Oktoba. Asubuhi kaburi moja tulilikuta juu ya gari la jirani wa tatu, na lingine hatujalipata hadi leo.

Mwaka wa pili nilikwenda ng'ambo kwa unyenyekevu, nikakaa gereji kwa mzee kama mwanagenzi. Alinifundisha kukata kwa waya wa moto: umeme mdogo unapitishwa kwenye waya mwembamba wa nikromu, waya unapata joto, na unalipita povu kama uzi unavyoipita sabuni ya mche dukani. Mlango wa gereji uwe wazi na feni iwake, maana moshi wake si wa kuvuta. Ukipiga msasa, vaa barakoa, vumbi lake ni jepesi na halina haraka ya kutua. Ili upate uso wa jiwe, kunja karatasi ya alumini iwe donge, ulibonyeze kila mahali. Vishimo vinavyobaki ni vya mawe kabisa. Halafu livishe povu ngozi: mikono miwili ya rangi ya maji, kama anayekandika nyumba kabla ya chokaa. Ikikauka, mwagia rangi nyeusi iliyozimuliwa ikajifiche kwenye nyufa. Mwisho chukua brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe, uipitishe juujuu. Hapo jiwe linazaliwa.

Na dawa ya upepo ni nondo. Unatoboa kaburi kwa chini, unaingiza kipande cha bomba la plastiki na kulibana kwa gundi isiyokula povu. Unagonga nondo ardhini, kisha unalivisha kaburi juu yake. Tangu hapo sijamsumbua jirani wa tatu.

Mzee alinifundisha pia kile wanachokiita matope ya zimwi. Unachukua ndoo ya galoni 5 ya plasta laini, ile ya kuzibia viungo vya kuta za jipsamu, unaichanganya na galoni 1 ya rangi ya maji. Unatumbukiza gunia humo, unalitundika juu ya kiunzi cha mbao na wavu wa kuku. Likikauka linakuwa gumu, na kiunzi kinakuwa mtu aliyejifunika shuka, amesimama bila kichwa. Binti yangu alimpa wa kwanza jina la mwalimu wake. Nikamkataza.

Katikati ya furaha hiyo mke wangu akaja gereji akasimama mlangoni. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Baba watoto, kaburi la mzee wako hujalitia hata mchanga. Leo unachonga makaburi ya mchezo?"

Nilizima waya. Siku tatu sikuingia gereji. Siku ya nne nikampigia mama simu Dar es Salaam, nikamweleza yote, nikisubiri anikemee. Mama akaanza kucheka. Akaniuliza, "Kwani wewe hukusikia watani walichofanya siku ya kumzika baba yako?" Sikusikia, sikuwahi kuuliza. Akanisimulia kwamba kaburi lilipokwisha kuchimbwa, mtani mmoja alishuka akalala ndani, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka apewe elfu kumi, maana marehemu alimwahidi kinyago tangu enzi za Mkapa na hakumpa. Mwingine alivaa kofia ya baba, akakaa mahali pake, akawa anauzia waombolezaji mashetani ya hewa na kukataa kupunguza bei. "Tulilia," mama alisema, "na tulicheka mpaka padri akageuka pembeni. Baba yako alizikwa vizuri." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, miaka mitatu baadaye, kusikia habari za maziko ya baba yangu. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu baada ya mama kukata.

Nilimsimulia mke wangu. Alijifuta macho, akasema, "Basi weka utani. Ila usiandike jina la mtu." Tukakubaliana masharti ambayo tunayashika hadi leo: hakuna jina la mtu, hakuna msalaba, na hakuna damu, kwa sababu watoto wa miaka mitatu nao wanapita. Maandishi tukaanza kuyatunga sote watatu mezani. Kaburi moja limeandikwa NIKO NJIANI, na chini yake, ALISEMA HIVYO TANGU 2009. Lingine: HAPA AMELALA MKOPAJI. ALISEMA KESHO. Wamarekani wanauliza maana, tunawatafsiria, wanacheka. Waswahili hawahitaji tafsiri. Familia moja ya Wakongo kutoka jumuiya yetu, waliokuwa wakali kuliko wote kuhusu sikukuu hii, walisimamisha gari mbele ya NIKO NJIANI, na mama wa nyumba akashuka kupiga picha amtumie shemeji yake Uvira.

Sasa nifike kwenye kinyago. Mwaka 2019 vipande vilivyobaki vilikuwa vingi. Nikaviunganisha kwa gundi kimoja juu ya kingine mpaka nikapata gogo refu kunizidi. Sikuwa na mchoro. Nilitaka tu kitu kirefu cha kusimama karibu na mlango. Nikaanza na kisu kirefu, kisha nikajikuta nimeshika patasi ya mbao ya mzee, naisukuma kwa kiganja bila nyundo, namna ambavyo nilimwona baba akimalizia uso. Usiku wa kwanza likatoka jicho, moja. Wa pili mdomo ukapinda. Wa tatu mguu ukaota mgongoni. Nililipaka jeusi tititi, nikaacha mstari wa manjano ubavuni kama ngozi ya mpingo, nikaweka taa ya betri miguuni pake, nikaenda zamu yangu.

Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Babu yangu Newala aliutumia msemo huo kueleza mapiko, vinyago vya ngoma ya jando vinavyochongwa kwa mti mwepesi. Mtoto huambiwa lipiko ni mzimu uliotoka ardhini, naye huukimbia miaka yote, hadi jandoni anapofunuliwa kwamba ndani yumo mtu, tena pengine mjomba wake. Akishajua, hakimbii tena. Nami niliamini hivyo. Lakini alfajiri ile nilirudi kutoka ghalani, nikakata kona, nikaona kitu cheusi kimesimama mlangoni kwangu, mwanga unakipanda kutoka chini, na miguu ikaniisha nguvu. Sikuogopa shetani. Niliona sikio. Baba alikuwa na mazoea ya kulifanya sikio la kushoto dogo kuliko la kulia. Wenzake Mwenge walimtania nalo, na wanunuzi wa kudumu walilitumia kutambua kazi yake. Sikulipanga. Sikulikumbuka hata kidogo nilipokuwa nachonga. Lakini lilikuwepo, dogo, la kushoto, mahali pake.

Nilikaa ngazini mpaka kukapambazuka. Mke wangu alipofungua mlango nilimwonyesha kwa kidole tu. Yeye ndiye aliyesema, "Shikamoo, baba." Halafu akaniletea chai.

Mwaka 2020 ulipokuja na ugonjwa wake, watu walikaa mbalimbali na mambo mengi yakafutwa. Mzee wa ng'ambo hakuweza kutoka kwa sababu ya mapafu yake, kwa hiyo uwanja wa mtaa ukabaki juu yangu. Nilitoboa mdomo wa shetani kutoka kisogoni, nikapitisha bomba la plastiki la futi 6 lililoteremka hadi kwenye nyasi. Mimi nilikaa nyuma na barakoa yangu, natumbukiza peremende kisogoni, zinatokea mdomoni, zinateremka kwa kelele hadi kwenye mfuko wa mtoto. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Watoto walipanga foleni kwa kuachiana nafasi, na kila mmoja alimshukuru shetani, hakunishukuru mimi. Ng'ambo, dirishani, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake anatuangalia, na taa yake ya barazani inawaka.

Siwezi kumaliza bila kusema ubaya wa povu. Haliozi. Kilichobaki chini ya nyasi mwaka huu utakikuta mwaka kesho, na kikienda mtoni kitakaa mtoni. Kwa hiyo nachonga juu ya turubai, naokota kila chembe, natumia vipande vinavyotupwa na mafundi ujenzi, na kaburi nililolitengeneza 2018 bado natumia lilelile, nikilipiga rangi upya. Linashika moto upesi pia, kwa moshi mweusi mzito. Usiweke mshumaa karibu nalo hata kwa dakika moja. Taa za betri zipo na ni rahisi.

Wapo ndugu zangu katika imani ambao hadi leo hawakubali sikukuu hii, na siwabishii. Nimeshawaeleza nilichoeleza hapa. Wengine wameelewa, wengine wananiombea, na maombi hayajawahi kumdhuru mtu. Kaburi la baba bado sijaliona. Nusu ya nauli ipo benki. Mama ameniambia kwamba tezo lake lipo chini ya kitanda, limefungwa kwenye kanga, na hakuna aliyeliomba.

Kwako wewe uliye ugenini na mikono yenye kazi uliyoiacha nyumbani, iwe ni kushona, kusuka ukili au kuchonga: tafuta chochote kilicho karibu, hata kama ni bamba la waridi lisilo na uzito, uijaribu tena. Kwanza rangi ya maji, kisha mengine. Nondo usisahau. Na usiku huo ukifika, kama dhamiri yako inakuruhusu, washa taa ya barazani. Kama haikuruhusu, basi kesho yake asubuhi vuka barabara, ukampe jirani yako salamu yake.